Miti ya Maiti

Kijijini kwetu alikuwapo mtu mmoja ambaye ukimwona anakuja nyumbani kwako kunywa chai, unaanza kujiuliza wiki hii umekata nini. Hakuwa mtu wa kupiga hodi ya kelele. Alisimama nje juani, akakohoa kidogo, akangoja mpaka mwenyewe uone haya. Ukimkaribisha alikaa mkekani, akauliza habari za watoto kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine, akaulizia mguu wa mama mkwe wako, akanywa chai mpaka kwenye majani. Kisha akishasimama, anajifunga kanga yake vizuri, anasema kama aliyekumbuka jambo dogo: "Ule mkoko wa pale kwenye kona, ulikuwa na mimba." Halafu huyo, anakwenda zake.

Mkoko wenye mimba, kwa lugha yake, ni ule uliobeba mbegu zile ndefu za kijani, zinazoning'inia kama bamia zilizosahauliwa shambani, zikingoja kudondoka matopeni. Wanaume wazima na ndevu zao waliiogopa chai ile kuliko barua ya ofisi ya kijiji. Ofisini hakumpeleka mtu hata siku moja. Kwangu alikuja mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimekata kweli.

Nitamwita Mpika Chumvi, kwa sababu ndivyo tulivyomwita wote, hata kwenye vikao. Jina lake ninalo na ukoo wake naujua, lakini hayo niwaachie walio wake. Jina hilo lilikuwa na dhihaka ndani yake. Huyu alikuwa mlinzi wa mikoko ya hori letu, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kuanzia mdomo wa bahari mpaka kwenye ardhi kavu, lakini kabla ya kuilinda alikuwa ameimaliza yeye kuliko mtu yeyote. Tukimwita hivyo aliitika. Alisema jina ni lake, amelifanyia kazi.

Na niseme mapema, msije mkaniona mwema: mimi na mwanamke huyu tulikaa miaka mitano hatusalimiani, na aliyeanza ni mimi. Nina kinyongo, sikatai. Nilikirithi kwa baba pamoja na pua hii. Nitafika huko.

Nilipokuwa msichana, kiangazi chote wanawake wa kwetu walikuwa jangwani. Jangwa tunaita ile ardhi tupu nyuma ya mikoko, ambayo maji makubwa ya bamvua huifikia mara chache, na jua likiipiga inatoa unga mweupe. Unakwangua udongo ule kwa kifuu, unaujaza kwenye kapu, unaumwagia maji, na yanayochuruzika chini ni maji makali ya chumvi. Mpika Chumvi aliyapima kwa korosho mbichi. Alitupia korosho majini, ikielea, yamefaa, ikizama, anarudia. Kisha karai, mafiga matatu, na kuni. Kwenye kuni ndiko kulikokuwa na balaa. Chumvi haiivi kwa vijiti vya kuokota. Inataka moto usiolala kutwa nzima, na moto huo ni wa mkandaa, ule mkoko mwembamba unaowaka hata ukiwa mbichi. Kila karai lilikuwa na lundo lake.

Sisi tulikuwa na karai moja moja. Yeye alikuwa nayo manne. Mumewe, fundi seremala, alikufa mapema akamwachia watoto watatu, nyumba ya udongo na mlango. Mlango huo naueleza maalumu kwa sababu ulikuwa kichekesho cha mtaa. Nyumba ilikuwa ya fito na makuti kama zetu, lakini mlango ni wa mbao nene za mkongo, kazi ya mwisho ya marehemu, mzito kuliko nyumba yenyewe. Tulimtania kwamba mwizi akija ataona uvivu kuusukuma, atapita ukutani. Hakucheka. Kila ukikaribia Idi aliupaka mafuta ya nazi, ubao kwa ubao, mpaka ukang'aa.

Kwa nini aliacha kupika chumvi? Inategemea nani alimwuliza. Wageni wa mradi wa kupanda mikoko aliwajibu kwamba ni mabadiliko ya tabianchi, na alilitamka neno hilo pole pole kwa fahari, mtu hata aone raha kumsikiliza. Watoto aliwaambia kaa wamemwomba. Kwa mwenyekiti wa kijiji alisema ni kwa sababu ya kisima cha chini, ambacho kweli kiliingia chumvi mpaka chai ikawa hainyweki, na mashamba ya mpunga ya pembeni yakaanza kuungua miche ingali michanga. Mimi aliniambia mengine, tukiwa tunatwanga. Alisema siku moja alitoka asubuhi kutafuta kuni. Akatembea, akatembea, hajaona mti wa kukata. "Nikashtukia miguu imelowa. Nimefika baharini na shoka kavu." Akaendelea kutwanga. Nadhani hilo ndilo la kweli, ingawa huenda na mimi alinipimia tu jibu la saizi yangu.

Alipoanza kupanda alikuwa peke yake, na alianza kwa aibu kubwa. Ile mbegu ndefu ya mkoko ina ncha iliyochongoka na upande wa juu wenye kichwa. Ncha ndiyo inayochomekwa topeni. Yeye, aliyeshika mikoko maisha yake yote, alichomeka mistari kumi na moja kichwa chini. Alingoja wiki tatu. Aliyemwambia ni mvuvi wa kaa aliyepita, akacheka mpaka akakaa kwenye matope. Mwingine angeficha jambo hilo. Yeye alilisimulia mwenyewe kwenye kila mafunzo, mbele ya wageni, na kila mara aliongeza: "Mkoko nilikuwa namjua kuanzia kiunoni. Pale shoka linapoingia. Juu na chini sikuwahi kuuliza."

Watu wa mradi walimpenda na kumkimbia kwa wakati mmoja. Kuna mwaka walikuja na miche mingi, wakataka tuipande mbele ya kijiji, kwenye fungu la mchanga, mistari iliyonyooka ili ionekane vizuri kutoka kwenye boti. Mpika Chumvi akasema pale hapajawahi kuota mkoko tangu bibi yake, na wanawake wanaokota chaza hapo. Wakamwambia mama, wataalamu wameshapima. Akasema haya. Akapanda pamoja nasi kutwa nzima, akapigwa picha, akala wali. Bamvua lililofuata halikuacha hata mche mmoja. Kesho yake aliingia majini kuokota ile iliyokuwa inaelea, akaihamishia kwenye tope la kona ya hori, kimyakimya. Kichaka kile cha kona tunachokiona leo ndicho hicho. Kimetokana na miche ya watu waliokuwa hawamsikilizi.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na ulimi. Alipotuhimiza tuingie kwenye kikundi cha nyuki, mizinga ikatundikwa humo humo mikokoni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia nyuki akituacha na moshi wetu. Asali hakula hata kidogo, alisema inamwasha koo, lakini mtu akija kununua alimsifia utamu wake kwa maneno mpaka sisi tuliokula tukaona hatujaila vizuri. Na chini ya kitanda chake alificha furushi la kuni za mkandaa za enzi zile. Kila Idi alitoa vijiti vichache akapikia pilau. Nilimkuta siku moja nikamwambia, "Mama, na hizi?" Akanitazama bila haya yoyote. "Hizi zilikufa kabla ya sheria. Na wewe kula pilau, usile maneno." Pilau lile, Mungu anisamehe, lilikuwa tamu kuliko la mtu yeyote.

Mtu akikata, alijua ni nani. Aliinama kwenye kisiki, akapitisha kidole kwenye jeraha la panga. "Huyu ni wa mkono wa kushoto." Au, "Huyu ana haraka, anamwogopa mkewe." Alikuwa hakosei.

Sasa nije kwenye miti ya maiti.

Kaburi letu lina chumba kidogo chini, mwanandani. Maiti akishalazwa humo, hufunikwa kwa viunza, yaani mbao au miti iliyopangwa, ndipo udongo unamwagwa. Mbao kwetu ni shida, mpaka zitoke Kilwa Masoko. Kwa hiyo tangu zamani tumefunika wafu wetu kwa miti ya mikoko, ambayo mchwa hawaipendi na iko hapo hapo. Hata baada ya kijiji kupiga marufuku kukata, jambo hilo lilibaki nje ya marufuku. Nani atamnyima maiti?

Basi watu wakaona mlango. Akifa mtu, wanaume walitia mtumbwi majini wakarudi nao umejaa miti. Wiki inayofuata unaona mtu kaezeka jiko jipya. Bwana mmoja alimfisha shangazi yake wa Songo Mnara mara mbili kwa mwaka, mpaka siku shangazi mwenyewe alipokuja kwenye harusi ya huku kwetu, mzima wa afya, akacheza kuliko mabinti. Tulicheka sana. Mpika Chumvi hakucheka, kwa sababu mikoko iliyokuwa inakatwa sasa ni ile ya kona, aliyoipanda mwenyewe, iliyokuwa ndiyo kwanza imefika unene wa mkono.

Aliomba kikao. Akasimama mbele yetu na fimbo yake ya kutembelea matopeni. "Nimewauliza wachimba kaburi," akasema. "Maiti mmoja anafunikwa kwa miti tisa. Mbona mtumbwi unarudi maji yanataka kuingia? Huyo maiti anajenga?"

Watu wakaangua kicheko, hata yule bwana wa shangazi. Kikao kikakubali: mikoko haitakatwa tena, hata kwa maiti. Kijiji kitanunua mbao za akiba, zitakaa msikitini, akifa mtu zipo. Tukanyoosha mikono. Mimi nilinyoosha wangu juu kabisa, nakumbuka, maana nilikuwa nyuma. Wakachaguliwa watu watatu wa kuzifuatilia hizo mbao, na mmoja wao alikuwa mimi.

Hatukuzifuatilia. Siyo kwamba tulisahau. Tuliona vibaya. Nani anataka kuonekana anashusha mbao za maiti kijijini na hakuna aliyekufa? Ni uchuro. Tulisukumiana. Mmoja alisema angoje mvua zipite, mwingine alisema mke wake ana mimba, asimtie nuksi. Mimi nilisema nangoja wao. Ukweli ni kwamba kila mmoja wetu alidhani maiti wa kwanza atatoka nyumba nyingine.

Alitoka kwetu. Mama yangu alifariki masika yale yale, alfajiri, baada ya homa ya siku nne. Barabara ilikuwa imekatika, bahari imechafuka. Asubuhi kwenye saa tatu tulikuwa tumeshamkosha na kumvika sanda, kaburi linachimbwa, na kaka yangu akachukua panga akaenda horini. Akarudi mikono mitupu. Alimkuta Mpika Chumvi amesimama kwenye njia ya matopeni, kanga kaifunga kiunoni, mvua inamnyeshea. Alimwambia, "Pole, mwanangu. Msiba ni wetu sote. Lakini hapa hapakatwi."

Nilitoka. Mtu aliyefiwa hatoki, nalijua hilo. Nilitoka kichwa wazi, nikamfuata kule kule, na wanawake nyuma yangu wananivuta. Nilimwambia kila neno nililokuwa nalo. Nilimwambia wewe uliyeila mikoko yote kwa makarai yako manne, leo unamnyima mama yangu miti tisa? Mama aliyekutunzia watoto ukiwa jangwani? Nilimwita mchawi mbele za watu. Hakurudisha. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Kweli, niliila." Kisha akaniuliza, "Mbao ziko wapi?"

Wa kuzifuata nilikuwa mimi. Na kwa hilo nilimchukia.

Mama alizikwa alasiri. Sisi wanawake hatuendi makaburini, tulibaki ndani tunasoma. Kaka aliporudi, matope mpaka magotini, nilimwuliza viunza. Akasema, "Tumepata mbao." Sikuuliza wapi. Siku ile sikuwa na nguvu ya kuuliza lolote.

Siku ya pili Mpika Chumvi alikuja msibani na sahani ya unga, kaifunika kitambaa cheupe. Unga wa mtama, aliusaga mwenyewe, nilijua kwa harufu. Niliichukua ile sahani, nikatoka nayo mpaka uani, nikamrudishia mikononi, mbele ya waombolezaji wote. Akaipokea. Akaiangalia kidogo kama anayetafuta kama kuna kilichopungua. Akaondoka.

Tangu hapo sikumsalimia. Ukiishi nyumba ya tatu kutoka kwa mtu, kutomsalimia ni kazi kubwa. Unabadilisha njia ya kisimani. Unasikia anakohoa unaingia ndani. Shikamoo ilikuwa inanifika mdomoni, naimeza. Watoto wangu walimsalimia, nikajifanya sioni.

Na kulikuwa na hili la mlango. Baada ya msiba ule, ule mlango wake wa mkongo haukuonekana tena. Aliweka mkeka mlangoni, ameutundika kwa kamba. Waliomwuliza aliwajibu kwamba ndani kuna joto, anataka upepo. Sisi kisimani hatukuridhika. Mimi ndiye niliyesema kwamba ameuza, ameuza kazi ya mwisho ya marehemu mumewe, tamaa ile ile ya makarai manne. Nililisema mara nyingi, na kila mara niliongeza kidogo. Kama aliyasikia, na hakuna lisilosikika kijijini kwetu, hakujibu.

Miaka ikaenda. Kaka alihamia mji wa Mtama, anafanya biashara ya ufuta. Kichaka cha kona kikawa kikubwa, ukipita chini yake unasikia kaa wanavyobofya. Kisima hakijapona, lakini hakikuzidi. Mpunga wa pembeni ukarudi kwenye majaruba mawili. Mbao za akiba zilinunuliwa, baada ya kaburi la mama hakuna aliyeona uchuro tena. Na yeye miguu ikamvimba, akashindwa kwenda horini.

Jirani yangu aliniambia, "Kila anayeingia anamwuliza kona imekatwa au bado. Watu wanamdanganya haijakatwa, hawajaenda kuangalia." Nilisema mimi hainihusu. Kesho yake maji yalipokupwa nilijikuta nimekwenda. Nikakuta mmoja umekatwa, kisiki kibichi bado, na ulikuwa na mimba, mbegu zimetapakaa. Nikasimama pale na hasira ambayo sikuijua ni yangu. Nikatafuta wa kumwambia. Hapakuwa na mwingine ila yeye.

Nilisogeza ule mkeka mlangoni, nikasema shikamoo, ya kwanza baada ya miaka mitano.

"Marahaba," akasema kutoka kitandani. "Umechelewa. Mkoko umekatwa?"

"Mmoja."

"Kisiki kimekatwa juu kwenda chini, au chini kwenda juu?"

"Chini kwenda juu."

Akacheka, kicheko chembamba cha mgonjwa. "Huyo mfupi. Nilijua. Hebu nimwone kesho, mwambieni aje kunywa chai huku, mie siwezi kwenda."

Nikakaa kwenye kigoda. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa. Upepo ulikuwa unaupeperusha mkeka, unaingia na mchanga mpaka kwenye shuka. Nilitaka kusema neno zuri, na ulimi wangu, kama kawaida yake, ukatoa baya.

"Mama, baridi yote hii. Tangu umeuza mlango hukununua mwingine?"

Nadhani alikuwa hataki kusema, ila alikuwa amechoka.

"Muulize mamako," akasema, akageukia ukutani.

Nilimpigia kaka simu nikiwa njiani, sikufika hata nyumbani. Nilimwuliza moja kwa moja: mbao za mama zilitoka wapi? Kaka akasema, "Aliniapisha, mdogo wangu. Alinikuta njiani kwenda makaburini mchana ule, wewe umeshamtukana, umerudi ndani. Akasema njoo na msumeno. Tukaung'oa mlango wake tukaupasua uani kwake. Alishika ubao mwenyewe nikikata. Mama kalala chini ya mlango ule."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alisema ikijulikana, kila msiba watakwenda kwake badala ya kununua mbao. Alisema, mie nina mlango mmoja tu."

Nilikaa njiani pale pale, kwenye nyasi. Nililia mpaka watoto wanaotoka madrasa wakasimama kunitazama. Nililia kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya maneno yangu ya kisimani, na kwa ajili ya ile sahani.

Nilimtafuta fundi siku ile ile. Mbao alizokuwa nazo zilikuwa za mwembe, si za kujivunia. Nikamwambia afanye upesi. Siku ya nne tulimpelekea mlango, mimi na fundi, tumeubeba kichwani. Nikamwekea na kikapu cha unga. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia nisamehe, nilikuita mchawi, nilisema umeuza.

"Hayo maneno nilikusamehe siku ile. Ulikuwa umefiwa," akasema. Akatazama kikapu. "Lakini unga wangu ulinirudishia mbele za watu. Ulikuwa unga mzuri ule."

Nikashika mkono wake, akauacha nishike.

Kisha akataka kuuona mlango. Tukaulaza karibu yake. Akaupapasa, akaugonga kwa kidole kusikia sauti, akauliza ni mti gani, akakunja uso kusikia ni mwembe. Halafu akanyoosha mkono wake ule wa mifupa akaupima kwa shubiri, urefu, na upana, taratibu, midomo inahesabu. Alipomaliza akapumua.

"Unanitosha," akasema. "Tundikeni. Ila mwambie fundi asikaze misumari sana."

Fundi alinitazama. Nikamwambia afanye kama alivyoagizwa.

Mlango ule ulikaa siku kumi na tisa. Kaka alikuja kutoka Mtama na basi la asubuhi, na yeye ndiye aliyeung'oa. Hakuhitaji nyundo, uliachia mkononi. Mbao za akiba zilikuwapo msikitini, nilizifuata mwenyewe miaka ile, lakini hakuna aliyethubutu kuzitaja. Wanaume wakaubeba wakaenda nao, na jeneza nyuma yake.

Sisi wanawake tukabaki ndani tunasoma, mlangoni pako wazi, jua linaingia mpaka kwenye kitanda kitupu. Mama mmoja aliyekuja kutoka Miteja, mgeni, akainama kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini, mlango wa nyumba hii umekwenda wapi? Wenzangu wa kisimani wote walikuwapo. Nikafunga msahafu, nikawaambia, wote wasikie, habari za milango yote miwili.